Bwana Wastani na Toleo la Saba

Keki ilifika saa nne asubuhi, na kipimo kilikuwa hakijaanza. Juu yake mwokaji alikuwa ameandika kwa sukari ya bluu: TOLEO LA SABA, MARA TISA. Tusajigwe Mwakyoma aliisoma mara mbili, akamtazama mhudumu aliyeibeba, kisha akamwonyesha meza ya pembeni walikorundika kibodi mbovu. Alikuwa amekalia kiti cha mpimaji mkuu wa lugha ya Finyanga miaka kumi na moja, pale makao makuu ya Mbeya, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuona jibu limetangulia swali, tena limepakwa krimu.

"Niikate vipande vingapi, mama?" mhudumu akauliza.

"Usiniulize mimi. Waliojua jibu ndio wanaojua na idadi ya walaji."

Finyanga ilikuwa lugha ya kompyuta, na kazi yake ilikuwa kuumba watu. Hawakuwa watu wa kukutana nao sokoni. Walikuwa nakala, zilizoishi ndani ya kumbukumbu ya mashine kwa muda usiotosha kupiga chafya. Mgonjwa akifikishwa hospitali, kadi yake ilichomekwa kwenye mtambo, na Finyanga ikamuumbia nakala milioni moja, kila moja na moyo wake, figo zake na ugonjwa wake uleule. Kila nakala ilipewa dozi tofauti. Nyingi zilikufa, chache zilipona, na hizo chache ndizo zilizomwambia daktari ampe mgonjwa mwenyewe kiasi gani. Tangu sheria ipige marufuku dozi za kukisia, hakuna daktari aliyegusa dawa kali bila kusubiri nakala. Ndiyo maana kasi ya kuumba ilikuwa jambo kubwa, na ndiyo maana foleni ya Nyanda za Juu ilikuwa imefika siku kumi na tisa.

Kipimo chenyewe hakikuwa na maajabu. Programu ya Tusajigwe ilimuumba mtu mmoja, Bwana Wastani, saa nzima bila kupumzika, na kuhesabu ametoka mara ngapi kwa sekunde. Bwana Wastani alikuwa na miaka arobaini na mitano na kilo sabini. Hajanywa, hajavuta, hajaugua, na hajawahi kuzaliwa. Wahandisi walimpenda kama mjomba wao, na walikuwa wamemchora ukutani amevaa tai. Toleo la Nne lilimuumba mara mia tatu na kumi kwa sekunde. La Tano, mia nne na themanini. La Sita lilifika mia tano na ishirini, na siku hiyo walichinja ng'ombe, yaani ng'ombe mzima kwa nyongeza ya arobaini.

Saa tano kasoro Dakta Kaijage aliingia, suti imempiga pasi na yeye ameipiga pasi suti. Ndiye aliyekuwa mkurugenzi, na ndiye aliyeongoza ujenzi wa Toleo la Saba. Alikuwa mtu wa kusema "sisi" kazi ikienda vizuri na "nyinyi" ikiharibika, na kwa wiki nzima alikuwa hajasema neno lolote isipokuwa "sisi". Nyuma yake walifuatana wahandisi kumi na wawili, kila mmoja na uso wa mtu anayejua atapigwa picha.

"Dada Tusajigwe, tuanze?"

"Tumeanza, Dakta. Zimebaki dakika nne saa itimie."

Dakika nne zikaisha, na kioo kikaandika: 4,914. Wakapiga makofi, wakakumbatiana, mmoja akafuta machozi kwa tai. Kaijage akahutubia juu ya taifa, juu ya vizazi, juu ya bara linaloinuka, akahutubia mpaka krimu ikaanza kuchuruzika. Tusajigwe alimsikiliza huku akijiuliza ni vipi mtu mzima anaweza kujipigia debe muda wote ule bila kusikia kiu.

"Imebaki sahihi yako tu kwenye cheti," Kaijage akamalizia. "Jumatatu tunafunga mitambo hospitali zote."

"Kesho."

"Kuna nini mpaka kesho?"

"Nimesema kesho, Dakta. Kuleni keki."

Hakuwaambia kilichokuwa moyoni. Kaka yake, Ambakisye, alikuwa amelazwa hospitali ya rufaa tangu juzi kwa ugonjwa wa ini. Dawa ilikuwapo, lakini ilikuwa dawa ya kutisha: ikipungua kidogo haifanyi kitu, ikizidi kidogo inaua. Foleni ilimtaka asubiri siku kumi na tisa. Daktari alisema ini lingempa kumi na mbili. Tusajigwe aliitaka ile 4,914 iwe kweli kuliko walaji wote wa keki kwa pamoja, na kwa sababu hiyo hiyo hakuiamini.

*

Mchana ule wenzake wote walikwenda hotelini kuendelea kupongezana, akabaki peke yake na mtambo. Alitoa kwenye mkoba kadi ya kaka yake, ile ambayo hospitali huwapa ndugu, akaichomeka kwenye tundu la pili. Hakuwa na hila yoyote. Alitaka tu kumwona Ambakisye akiumbwa kwa kasi ile, apate sababu ya kushukuru. Akaiagiza programu ipokezane: Bwana Wastani, Ambakisye, Bwana Wastani, Ambakisye.

Kisha akafanya jambo ambalo kwa miaka kumi na moja hakuna mpimaji aliyelifanya, kwa kuwa hakuna aliyeona sababu. Alisimamisha nakala moja katikati ya kazi, akaifungua aone ndani.

Ilikuwa ya Ambakisye. Jina lilikuwa sahihi, miaka sitini na mitatu, kilo hamsini na nane. Akateremka hadi kwenye ini. Lilikuwa laini, safi, halina uvimbe hata mmoja. Tusajigwe aliliangalia lile ini, na kwa kitambo kifupi sana furaha ilimpanda kooni kana kwamba amepigiwa simu kuwa kaka yake amepona. Halafu akili ikamrudia. Akafungua nakala iliyofuata, ya Bwana Wastani, yule asiyekunywa wala kuugua, akakuta ndani yake ini lenye vivimbe kumi na kimoja.

Alikaa akacheka peke yake, kicheko kisicho na raha. Mara tisa yao ilikuwa hii. Matoleo ya zamani yalipomaliza kazi na nakala yaliivunja yote, yakaanza upya na mtu mwingine, kiungo kwa kiungo. Toleo la Saba halikuvunja kitu. Lilichukua ganda la nakala iliyokufa, likabandika jina jipya, umri na uzito, likaihesabu kuwa imezaliwa. Viungo vya ndani vilibadilishwa baadaye, kimoja kimoja, pale vilipoitwa, na vilipoitwa vingi kwa pamoja vingine vilijibu kabla ya kubadilishwa. Ilikuwa sawa na mgahawa uliogundua kwamba ukiacha kuosha sahani, wateja wanahudumiwa upesi. Na kwa ugunduzi huo, watu kumi na watatu walikuwa hotelini wanapigana picha.

Aliwadharau kwa dakika nzima, kwa raha kabisa, kabla swali la pili halijafika. Mbona kipimo hakikuona?

Jibu lilikuwa mbele yake. Kipimo hakikuona kwa sababu baada ya Bwana Wastani kilimuumba Bwana Wastani, na baada yake Bwana Wastani tena. Sahani chafu ililetwa kwa mtu yuleyule aliyeichafua, na chakula kilekile. Mpimaji aliyeamua kutumia mtu mmoja tu alifanya hivyo ili nambari zisirukeruke, zipendeze kwenye chati. Alipewa hata zawadi ya saa ya ukutani kwa uamuzi huo. Saa hiyo ilikuwa imening'inia kule nyumbani kwa Tusajigwe, juu ya friji.

Akavuta majalada mia nne ya wagonjwa wa zamani, waliokwisha kutibiwa na dozi zao zikajulikana, akayapitisha yote kwenye Toleo la Saba. Kazi ilimchukua mpaka kesho yake adhuhuri. Mia tatu na tisini walitoka sawasawa. Kumi walitoka na dozi za watu wengine.

*

"Kaa, dada," alisema Kaijage.

"Nimesimama vizuri."

Ofisi yake ilikuwa na zulia jipya, na tayari fremu tupu ilikuwa ukutani ikisubiri cheti. Kaijage alisoma karatasi za Tusajigwe taratibu, akazipanga, akazilaza kifudifudi juu ya meza.

"Kwa hiyo watu mia tatu na tisini walipata dozi sahihi."

"Na kumi wakapata dozi za wenzao. Mlijua?"

"Tulijua ganda linatumika upya. Hilo ni jambo la kawaida, lugha nyingi zinafanya. Kwamba viungo vinachelewa, hilo hatukulijua. Kipimo chako hakikutuonyesha."

"Kipimo changu."

"Miaka kumi na moja unatupima kwa Bwana Wastani, nasi tukajenga toleo la kumridhisha Bwana Wastani. Wewe ulitaka tumridhishe nani?"

Maneno yalimchoma kwa kuwa yalikuwa ya kweli, na akamdharau zaidi Kaijage kwa kuwa ndiye aliyeyasema. Kaijage naye hakupoteza muda kufurahia. Alivuta kalamu, akageuza karatasi ileile, akaandika nyuma yake.

"Tufanye kazi yetu, dada, hisia tuziweke kando. Nyanda za Juu tunapokea wagonjwa mia mbili kwa wiki. Foleni inaua kumi na moja kila wiki, wanafia vitandani wakisubiri zamu. Toleo la Saba litakosea mmoja katika arobaini, hao ni watano. Wengi wa hao watano dozi itawapunja au kuwazidi kidogo tu, wataishi. Watakufa wawili, labda watatu, kama wiki ina kisirani. Kumi na moja toa watatu. Nionyeshe kosa kwenye hesabu hiyo."

Tusajigwe alilitafuta kosa kwa bidii yote ya mtu anayelipwa mshahara wa kutafuta makosa, asilione.

"Wale kumi na moja wanauawa na maradhi," alisema mwishowe. "Hawa watatu tutawaua sisi, na cheti chenye jina langu kitasema mtambo hauna dosari."

"Marehemu hatauliza cheti kilisemaje."

"Kuurekebisha ni muda gani?"

"Wiki sita." Kaijage alishusha sauti, kama anayetaja ugonjwa wa aibu. "Na ukirekebishwa utaumba mia nne na tisini kwa sekunde. Chini ya Toleo la Sita."

Basi huo ndio ulikuwa ukweli wake wote. Watu kumi na watatu, miezi kumi na minne, na walichokuwa wamejenga kilikuwa Toleo la Sita lililochoka. Tusajigwe alikuwa anageuka kuondoka aliposikia swali nyuma yake, limesemwa kwa upole wa kupakwa mafuta.

"Kaka yako ana namba ngapi kwenye foleni?"

Hakuwahi kumwambia mtu yeyote pale ofisini.

"Weka sahihi, Tusajigwe. Jumatatu asubuhi anaingia wa kwanza."

Alirudi mezani kwake, akaketi mbele ya cheti. Hakuna aliyekuwa anamwona. Angeweza kusaini, akamwokoa kaka yake na wengine wanane kila wiki, na wale watatu wasijulikane kamwe, kwa kuwa nani angegundua kwamba mgonjwa wa ini amekufa? Aliwaza hivyo, akaona anawaza kwa sauti ya Kaijage, kinyaa kikamshika. Akaandika kwenye cheti nambari mbili: 4,914 kwa sekunde, iwapo mtu ni yuleyule daima, na wagonjwa kumi kati ya mia nne, dozi si zao. Chini akaongeza: Kosa la kipimo ni langu, T. Mwakyoma. Akakituma moja kwa moja kwenye Bodi, bila kupitia kwenye lile zulia.

*

Bodi ilikuwa na watu saba. Walikaa siku mbili, wakanywa maji ya chupa, wakatoka na uamuzi ambao hata mtu asiyetaka kuwadharau angelazimika kufanya hivyo. Hawakulikataa Toleo la Saba, wala hawakulikubali. Walisema lifungwe hospitalini kando ya la Sita, ambalo zamu zake hazitasogezwa, na kila mgonjwa na jamaa zake wachague wenyewe, kwa kuheshimu uhuru wao. Ikachapwa fomu yenye visanduku viwili. Kaijage alibaki kwenye kiti chake. Tusajigwe aliletewa barua ya pongezi kwa uadilifu, imekosewa herufi za jina lake.

Jumatatu saa tatu alikuwa wodini. Ambakisye alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu aliyetumia maisha yake kuwaambia wenye viwanja kwamba mipaka yao si pale wanapodhani, na ugonjwa haukuwa umemfundisha upole. Macho yalikuwa ya njano kabisa. Tumbo lilikuwa limejaa chini ya shuka.

"Mdogo wangu, umekonda," alisema. "Nani mgonjwa hapa?"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Wamenipa karatasi ya kijinga sana. Isome."

Tusajigwe hakuhitaji kuisoma. Pale mlangoni alikuwa amekutana na Daktari Sanga, mama mwenye sauti ndogo aliyekuwa na fungu zima la fomu mkononi.

"Tangu asubuhi wamechagua lipi?" alikuwa amemuuliza.

"Saba, dada. Wote isipokuwa mzee mmoja wa kitanda cha kumi na nne, naye alidhani anaulizwa namba ya wodi."

Alivuta kiti karibu na kitanda cha kaka yake, akamweleza yote, polepole, bila kutia chumvi wala kupunguza. Ukingojea Sita, zimebaki siku kumi na nne, na jibu litakuwa la kweli. Ini lako daktari amelipa siku saba. Ukienda Saba, jibu ni kesho kutwa, na katika watu arobaini mmoja anapewa dozi ya mtu mwingine. Ambakisye alisikiliza akiwa amefumba macho, vidole vikihesabu juu ya shuka.

"Na hili dubwana lisingefika hapa bila wewe kulikubali?"

"Sikulikubali. Niliandika kasoro zake."

"Ukaandika, wakasoma, wakalileta. Basi niambie wewe. Huyo daktari hajui, amesoma fomu kama mimi. Wewe umelifungua ukaona ndani. Niingie wapi?"

Alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo, na ndilo pekee lililokuwa na haki ya kuulizwa. Alitamani kusema amua mwenyewe, kaka. Akakumbuka hayo ndiyo maneno ya Bodi.

"Saba," alisema.

"Hata baada ya kuona?"

"Hata baada ya kuona."

Ambakisye akaweka alama, akatia sahihi yake ndefu ya mpima ardhi, akamrudishia kalamu.

Jibu lilitoka Jumatano saa nane mchana. Daktari Sanga aliingia na chupa ya dawa na karatasi, na nyuma yake muuguzi akisukuma stendi ya dripu. Miligramu themanini na tano. Tusajigwe aliichukua ile karatasi, akaiangalia juu na chini, mbele na nyuma. Ilikuwa nambari safi, isiyo na alama yoyote ya kuonyesha imetoka kwenye ini la nani. Huenda ilikuwa ya Ambakisye. Huenda ilikuwa ya mwanamke wa kitanda cha pili, au ya yeyote aliyepita mtamboni kabla yake asubuhi ile. Maisha yake yote aliwadharau watu wanaopokea nambari bila kuuliza ilivyopatikana, na sasa alikuwa nayo mkononi, na njia ya pekee ya kuihakiki ilikuwa kusubiri zamu ya Sita, siku kumi na mbili.

"Mgonjwa amedhoofika tangu jana," Daktari Sanga alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Nikianza sasa ana nafasi. Ila wewe ndiye mpimaji, dada. Kama kuna unachokiona hapo ambacho mimi sikioni, niambie, nitasubiri."

Muuguzi alikuwa ameshafunga mpira mkononi mwa Ambakisye. Watu watatu walimngoja Tusajigwe aseme. Alifanya ile hesabu tena kichwani, kumi na moja toa watatu, thelathini na tisa katika arobaini, na haikuwa na kosa lolote, kama ambavyo haikuwa nalo siku ile mezani kwa Kaijage.

"Mwekeeni," alisema.

Sindano ikaingia, matone yakaanza kushuka. Ambakisye alifungua jicho moja la njano, akamtazama mdogo wake.

"Bosi wako angekusikia," alisema, "angekununulia keki nyingine."

Tusajigwe akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda kusubiri ajue dozi ile ilikuwa ya nani.